Mwizi Aliyeosha Vyombo

Sehemu ya tisa

"Mwizi. Jamani, kuna mwizi ndani ya nyumba."

Ijumaa iliyopita tuliiacha sauti hiyo ikilia, na mpaka leo inalia. Bibi Daulat amesimama katikati ya sebule iliyoungana na jiko, kidole kimemwelekea Goretti puani, na nje ya mlango wapo polisi wawili wanaosikia kila neno.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asogee nimdokeze, wengine mnivumilie kidogo. Goretti ni mama wa Kirundi, mzaliwa wa Rumonge. Anakaa Downsview, upande mwingine wa Toronto, kwa binamu yake, na kila asubuhi huja huku Markham kumwangalia Bibi Daulat, mama mzazi wa Anverali. Akili ya bibi huyu hutoka matembezini na kurudi inapopenda, na miguu nayo hutaka kuifuata. Kwa hiyo mlango wa mbele umewekwa kitasa cha namba kwa ndani, na wa gereji vilevile. Namba hizo wanazijua watu wawili tu, Anverali na mkewe Shaila. Goretti hakupewa. Akishaingia saa moja asubuhi, amefungiwa hadi saa kumi na mbili jioni.

Na polisi wameletwa na nini? Jirani aliona mtu mweusi kwenye dirisha la jikoni. Basi. Habari yote ndiyo hiyo.

"Fungua mlango," ilisema sauti ya mwanamume kwa Kiingereza.

"Sina namba," akajibu Goretti. Kiingereza chake ni cha kazini: dawa, chai, choo, taratibu. Hakuna siku aliyofundishwa kuongea na bunduki.

"Namba gani?"

"Ya mlango."

Kisha kwenye kioo chembamba cha pembeni ya mlango likajitokeza jicho moja la bluu.

"Inua mikono yako niione."

Goretti akainua. Mikono ilikuwa bado ina povu la sabuni, na povu likamteremka taratibu hadi kwenye viwiko.

Sasa sikilizeni kilichomtia hofu, maana si bunduki. Ni Iteka. Binti yake ana miaka kumi na minne, yuko na nyanya yake kambini Kigoma, na karatasi zake za kuja Kanada zimebakiza hatua ya mwisho. Wakili alimpa Goretti masharti mawili. Kwanza, barua ya mwajiri imfikie kabla ya Jumatatu. Pili, asiingie kwenye kesi yoyote, hata ya kusingiziwa. Barua ameahidi kuiandika Shaila. Kesi imesimama mlangoni na viatu vyake.

Goretti akashusha mkono mmoja pole pole, akatoa simu kwenye aproni, akampigia Shaila.

"Dada Shaila, polisi wako mlangoni."

"Polisi wa nini?"

"Wanataka nifungue. Nitajie namba."

Shaila hakutaja. "Wamekuona?"

"Wananitazama sasa hivi, kwenye kioo."

"Mungu wangu. Na majirani?"

"Dada, namba."

"Namba ni za familia, Goretti. Sasa nisikilize vizuri. Usiwaambie unafanya kazi hapo, umenielewa? Nakuja, dakika kumi tu. Nenda kakae chumba cha kufulia nguo, usitoke."

"Nitajifichaje na mtu ananiangalia?"

Simu ikakatika.

Msishangae. Shaila ana lake linalomwasha. Mwezi uliopita pale imambara, ukumbi wao wa ibada, akina mama walipokusanyika, alisifiwa mbele za watu. Wake wengine wakaambiwa wamwige, kwamba huyu anamlisha mama mkwe kwa mkono wake na kumwosha kwa mkono wake, hakuleta mtu wa kuajiriwa kama wanavyofanya wengine. Shaila akainamisha macho kwa haya, akazipokea sifa zote asibakize hata moja.

Ndiyo maana kila alfajiri humchukua Goretti pale penye maduka ya kona. Gari huingia moja kwa moja gereji, na mlango wa gereji hushuka nyuma yao kama kope. Kwa miezi saba hakuna jirani aliyewahi kumwona. Leo pazia la jikoni lilipelekwa kufuliwa.

"Mwizi," alisema tena Bibi Daulat, sasa kwa sauti ya kuchoka.

Goretti akamgeukia. Hofu ilikuwa imemjaa, lakini sauti akaitoa ileile ya kila siku baada ya chai.

"Kitendawili, Bibi."

Kidole cha Bibi kikabaki hewani. Kikashuka.

"Tega," akasema, kama mtu aliyekaribishwa kiti.

"Nyumba yangu kubwa haina mlango."

Bibi Daulat akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akafikiri. Alikulia Ujiji, dukani kwa baba yake, na vitendawili ndivyo vitu vya mwisho ambavyo ugonjwa haujavifungasha.

"Gereza."

"Siyo."

"Kaburi."

"Siyo, Bibi."

"Basi nimeshindwa, chukua mji. Nakupa Kigoma."

"Kigoma nimeitawala jana."

"Una tamaa wewe. Haya, chukua Tabora na asali yake."

"Nikaenda Tabora, wakanipokea, wakanipa kiti, wakanipa asali nikala nikashiba. Wakaniuliza, ni nyumba gani hiyo isiyo na mlango? Nikawaambia ni yai."

Bibi akacheka mpaka bega likamtikisika. "Yai. Nilikuwa nalijua, nilikuwa nakupima tu."

Kumbe si yeye peke yake aliyecheka. Kwenye dirisha la jikoni, lile ambalo hufunguka upana wa kiganja tu, alikuwa amesimama yule polisi wa pili. Mwanamke, mweusi, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi kwa baridi.

"Hata shosho, nyanya yangu, alikuwa anatutegea hicho," akasema kwa Kiswahili. "Mimi naitwa Chelagat. Nimetoka Eldoret. Hujambo, mamii?"

Mtasema mimi bibi yenu natia chumvi. Toronto hii ninyi mnaijua? Piga chafya ndani ya basi, atakayekwambia pole ametoka Eldoret.

"Sijambo," akasema Goretti.

"Nimeskia mtu akiitwa mwizi. Ni nani?"

"Ni mimi."

"Sasa, wewe ni mwizi?"

"Hapana. Mimi namwangalia huyu bibi. Amesahau tu."

"Basi mwambie akumbuke haraka, manake huyu mwenzangu anataka kuvunja mlango. Shosho, habari yako? Huyu mama unamjua?"

Bibi Daulat akamtazama Chelagat kutoka kwenye kofia mpaka kwenye redio ya kifuani. "Wewe ni boi wa nyumba gani, mbona wamekuvisha suruali?"

"Mimi ni polisi, shosho."

"Polisi. Siku hizi wanachukua yeyote."

Chelagat akamwelekezea Goretti kidole cha glavu. "Nakuuliza huyu. Unamjua?"

Bibi akamgeukia Goretti. Akamwangalia kwa muda mrefu, na Goretti akaona jinsi jina lake linavyotafutwa nyuma ya macho yale, linatafutwa halipatikani. Kisha macho ya Bibi yakateleza, yakapita masufuria, yakapita sinki, yakatua pembeni kwenye msumari.

"Si wa kwetu huyu? Kikombe chake kile pale."

Msumarini kilining'inia kikombe cha bati, cheupe, mdomo wake umebanduka rangi.

"Cha bati ni chao," alieleza Bibi kwa upole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu. "Vya kauri ni vyetu sisi. Marehemu mama alikuwa akisema, ukichanganya vikombe umechanganya nyumba. Huyu si mwizi. Angekuwa mwizi angekuwa na kikombe hapa?"

Goretti hakuwahi kumwambia mtu habari za kile kikombe. Hata binamu yake hajui. Siku ya kwanza Shaila alimkabidhi huku anatabasamu: usijali, ni mazoea ya Mama, tunamridhisha tu. Goretti akaridhisha. Lakini Bibi hulala saa sita mchana, na saa sita mchana kikombe kilikuwa kilekile. Anverali akija kula, kikombe kilekile. Kuanzia mwezi wake wa pili Goretti akaacha kunywa chai kazini, akasema daktari amemkataza.

Na leo ndicho kinachomtetea. Tusi lake ndilo limegeuka kitambulisho.

"Anasema nini?" aliuliza yule polisi mwingine, mwanamume mrefu, kutoka mlangoni.

"Anasema huyu mama anafanya kazi hapa," Chelagat akamjibu kwa Kiingereza.

"Amesema maneno mengi zaidi ya hayo."

"Mengine ni ya vyombo."

Kisha akasogeza mdomo kwenye ule upenyo wa dirisha, akashusha sauti. "Dada, kama unafanya kazi hapa, kwa nini hufungui?"

"Sina namba."

"Mwenye nyumba hakukupa?"

"Hakunipa."

"Na nyumba ikishika moto?"

Swali hilo Goretti hujiuliza kila akiwasha jiko.

"Umefungiwa, si ndiyo? Sema tu. Hilo ni kosa, na kosa si lako."

Hapo ndipo Goretti alipouona mtego wote kwa urefu na upana wake. Akisema ndiyo, Shaila anashtakiwa, na barua ya Iteka inakufa. Akisema hapana, yeye ni mtu mweusi aliyekutwa ndani ya nyumba ya watu na hawezi kueleza ameingiaje. Huku moto, huku maji ya moto.

Kabla hajafungua mdomo, gari likaingia uani kwa kasi, likateleza kwenye barafu, likasimama upande. Shaila akashuka na koti limefungwa vifungo vibaya. Hakuwaangalia polisi. Aliiangalia nyumba ya ng'ambo ya barabara, ambayo mlango wake ulikuwa unafunguka.

Akatoka Laiba.

Huyu mumjue mara moja. Laiba ni mama wa Nairobi, mwenyekiti wa akina mama pale imambara. Ndiye aliyemsifu Shaila kwa kinywa chake.

"Shaila, mko salama?" Laiba alivuka barabara akiwa amejifunga shali, pumzi inatoka moshi. "Ni mimi nilipiga simu. Niliona mtu ndani kwenu. Nikajua wewe umetoka, na nyinyi hamna mfanyakazi, so nikasema huyu ameingia kuiba. Mama yuko sawa?"

Shaila akaitikia kwa kichwa, lakini midomo ilikuwa imepauka. Akazungusha ufunguo, maana kwa nje hakuna namba. Mlango ukafunguka wazi, baridi ikaingia sebuleni bila hodi, na wote wakaingia nyuma yake, Laiba, yule mrefu, na Chelagat aliyezunguka kutoka jikoni, theluji ikiwadondoka viatuni.

Goretti alikuwa bado amesimama palepale, mkono mmoja juu.

"Shusha, mamii," alisema Chelagat.

Goretti akashusha. Kisha akamgeukia Laiba, na sauti yake haikuwa kali hata kidogo.

"Dada, ni wewe uliyeniona dirishani?"

"Ndiyo."

"Nilikuwa nafanya nini?"

Laiba akasita. "Ulikuwa... ulikuwa unaosha vyombo."

"Umeona wapi mwizi anaosha vyombo?"

Chelagat akakohoa ndani ya glavu yake.

"Sikuangalia mikono," alisema Laiba. "Niliangalia tu..." Akaishia hapo.

"Malizia, dada."

Laiba akatazama zulia, mahali viatu vyake vilipokuwa vinaacha maji. Uso ulikuwa umemwiva.

"Hakuna haja ya haya yote," Shaila akaingilia, anacheka kicheko chembamba. "Ni kutoelewana tu. Huyu si mfanyakazi, huyu ni mgeni wa Mama. Walijuana tangu Kigoma. Anakuja kumsalimia."

Huku akisema hayo, mkono ukaingia kwenye mkoba. Ukaichomoa nusu bahasha nyeupe, upande ule ambao ni Goretti tu anayeona. Juu imeandikwa jina la wakili. Imeshafungwa. Tayari.

"Si ndiyo, Goretti? Waambie."

Wajukuu zangu, ndani ya bahasha ile imeandikwa kwamba Goretti anafanya kazi kwa Shaila. Na ili aipate, inabidi aseme hafanyi kazi kwa Shaila. Mimi nimetega na kutegua vitendawili tangu sijaota meno ya pili, lakini hiki, hata mji wa kutoa sina.

Chelagat akamtazama Goretti usoni. "Nakuuliza mara moja. Wewe ni mgeni hapa, au unafanya kazi?"

Jumapili iliyopita Iteka alimwuliza kwenye simu: mama, hiyo nyumba unayofanyia kazi ina madirisha mangapi? Mengi, Goretti alimwambia, mengi na yote yanafunguka. Alisema hivyo akiwa amekaa kitandani Downsview, na baada ya kukata simu alishindwa kula.

Barua ile ingemleta mtoto. Ingemleta aje kukaa na mama aliyejifunza kusema kila kitu kinafunguka.

"Mgeni hufunguliwa mlango," alisema Goretti. "Mimi si mgeni. Nafanya kazi hapa huu mwezi wa saba. Nafungiwa saa moja asubuhi, nafunguliwa saa kumi na mbili. Namlisha mimi, namwosha mimi, dawa nampa mimi. Na kama kuna asiyeamini, kikombe changu mmeonyeshwa."

Bahasha ikarudi mkobani. Zipu ikafungwa. Katika kelele zote za siku hiyo, hakuna iliyomwingia Goretti mfupani kama ile ya zipu.

"Shaila," alisema Laiba taratibu. "Mbele ya akina mama wote ulisema unamlisha kwa mkono wako."

"Na namlisha."

"Huyu anasema ni yeye."

"Utamsikiliza huyu, uniache mimi?"

"Sijui nimsikilize nani. Mimi nimemwitia polisi mtu anayekuoshea vyombo, Shaila. Ningejua yupo, nisingepiga. Hata jina lake silijui."

"Naitwa Goretti," akasema Goretti.

"Unaniaibisha nyumbani kwangu?" Shaila akauliza, mkoba kaukumbatia kifuani. "Nyinyi wote mnanihukumu, nani kati yenu amewahi kulala na mgonjwa wa namna hii? Usiku anatafuta duka la baba yake chini ya vitanda. Nani alikuja kunisaidia? Mlikuja na sifa tu. Na sifa zikishafika, utamwambia nani umechoka?"

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli hauna ubaguzi, unaweza kutoka kwenye kinywa chochote.

"Muulizeni mwenyewe," Shaila akaendelea. "Mama hasemi uongo. Mama, waambie ni nani anayekulisha. Mama?"

Wote wakageukia kiti kilicho karibu na mlango.

Kiti kilikuwa kitupu. Shali la Bibi limeanguka chini, na karibu na kizingiti kuna kandambili moja. Moja tu.

Mlango ulikuwa wazi vilevile kama walivyouacha wakiingia. Watu watano wazima ndani ya sebule moja, kila mmoja anamtazama mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyeutazama mlango.

Goretti ndiye aliyetoka wa kwanza, bila koti. Nyayo zilikuwepo kwenye theluji ya ua, moja ya kandambili, moja ya mguu mtupu, zote ndogo. Zikashuka mpaka barabarani. Barabara ilikuwa imepitiwa na gari la kukwangua theluji dakika chache zilizopita, nyeusi, safi, kushoto na kulia. Nyayo zikaishia hapo.

"Bibi," akaita. "Bibi Daulat. Kitendawili."

Upepo tu.

Siku hiyo baridi ilikuwa nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na Bibi alikuwa amevaa gauni la pamba.

Chelagat alikuwa tayari anaongea kwenye redio. Yule mrefu akatoka na daftari mkononi, akasimama kwenye ngazi, akawatazama wote mmoja baada ya mwingine.

"Huyu bibi mgonjwa alikuwa chini ya uangalizi wa nani?"

Shaila hakufikiri hata mara moja. Alinyoosha mkono, na akasema kwa Kiingereza safi, kwa sauti ambayo nyumba zote za mtaa ule zilisikia:

"Huyu hapa. Huyu ndiye mfanyakazi wetu."